Sauti ya Kipupwe

Tanuri langu halijawahi kuniaibisha. Nalisema mapema ili anayetaka kununa anune sasa, tuendelee. Najua kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini mimi ngoma yangu siivuti, inalia yenyewe. Wapo wachomaji wanaosokomeza kuni kama mtu anayepakia mizigo ya safari, halafu mitungi ikipasuka wanamlaumu mfinyanzi. Mimi naanza na moto mdogo wa kufukizia, naungoja mpaka udongo utoe jasho lake lote, ndipo nauongeza. Kazi hiyo nimeifanya tangu ndevu zangu zikiwa ndoto, na mitungi yangu iko kwenye nyumba za watu wasioijua hata sura yangu.

Kiwanda chetu ni ua mmoja, paa la bati na watu watatu. Dada yangu mkubwa anafinyanga. Mimi nachoma. Mke wangu anahukumu, na ndiyo maana hakuna anayemwita kwa jina. Wateja, wapagazi, hata dada yangu ambaye ni wifi yake, wote humwita Hakimu.

Kazi yake ukiitazama utadhani mchezo. Sikio la kushoto analifunga kwa kitambaa cha kichwa, kwa sababu hilo, anasema, ni la umbea na mambo ya dunia. La kulia ni la mitungi. Anaupakata mtungi, anauinamia, anaugonga tumboni kwa kijiti kilicholainika kwa kushikwa. Mtungi mzima unalia sauti ndefu, safi, inayozunguka ndani kabla ya kutoka. Wenye ufa, hata uwe ufa mwembamba kama unywele ambao macho hayauoni, unatoa sauti fupi ya kukwaruza. Mzima anauchora mstari wa mkaa shingoni. Mbovu anausukuma kando kwa mguu bila hata kuniangalia. Mnunuzi akija kwetu, kabla hajauliza lolote, anautafuta huo mstari.

Mtungi uliohukumiwa lazima uvunjwe siku hiyohiyo, na anayeuvunja ni aliyeuchoma. Sheria hiyo aliiacha marehemu mama yetu, mimi na dada. Alisema mtungi mbovu ukilala mzima, tamaa itaamka nao. Rungu la kuvunjia nalichukia kama deni, lakini miaka yote nililishika bila kubisha, maana kila nilipovunja nilikuta ufa palepale aliposema upo. Nilikuwa nikiwatambia wachomaji wenzangu: ninyi mna wake, mimi nina mahakama.

Na kwenye nguzo ya mlango wa ua unaning'inia mtungi mdogo ambao mama aliufinyanga alipokuwa akitufundisha kazi. Huo hauuzwi wala hauazimwi. Kila asubuhi Hakimu huugonga kwanza, ili sikio lishike sauti ya mtungi mzima kabla ya kuisikiliza mingine. Sisi tunaita kumwamkia Mama. Anapogonga, hiyo ndiyo shikamoo. Mtungi unapolia, hiyo ndiyo marahaba. Baada ya hapo tunakunywa chai na kazi inaanza.

Sasa, kipupwe. Kipupwe kwetu ni mgeni asiye na haya. Udongo haukauki, kuni zinatoa machozi badala ya moto, na mitungi ikishatoka tanurini inakunywa unyevu wa hewa. Ukiigonga inajibu kwa uzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Hiyo tunaiita sauti ya kipupwe. Siyo ufa. Hakimu huitenga mitungi hiyo, akaianika jua likitokeza, kisha akaigonga tena. Na binadamu nao ni vivyo hivyo. Pua zinaziba, masikio yanaziba, ua mzima unapiga chafya. Dawa yetu ni matone ya mafuta ya uvuguvugu, pamba, na subira. Jua likirudi, kila kitu kinazibuka, mitungi na watu.

Kwa hiyo asubuhi ile mke wangu alipoamka akashika sikio la kulia, hakuna aliyeshtuka.

"Limeziba," akasema. "Tena linavuma, kama inzi kafungiwa chupani."

"Mafua hayo."

"Sina mafua."

"Yako njiani," nikamwambia, nikaenda kutafuta chupa ya mafuta.

Alipoinuka kwenda kunawa aliyumba kidogo, akashika ukuta. Tukacheka. Dada alipofika akamwekea pamba kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia, "Wifi, kipupwe kimekubishia hodi." Siku zile zikapita hivyo, mafuta asubuhi, mafuta jioni, na yeye akiuliza kila kitu mara mbili. Hakukuwa na mitungi ya kuhukumu, kwa kuwa tanuri lilikuwa likijazwa, na kila asubuhi Mama aliamkiwa kwa kugongwa tu, juu juu, mtu akiwa na pamba sikioni.

Tanuri hilo lilikuwa la shule ya bweni. Mkuu wa shule aliagiza mitungi ya maji ya kunywa kwa kila bweni, mikubwa kiasi, yenye vifuniko. Nililichoma moto ambao nilitamani mama angekuwapo auone. Nilipofungua mlango, mitungi ilikuwa imekaa mle ndani myekundu, imetulia, hakuna uliopinda hata mdomo. Dada alipiga vigelegele. Mimi nilijikaza nisitabasamu mapema, nikaipanga uani, nikamwita Hakimu.

Akatoa pamba, akajifunga kitambaa, akapakata wa kwanza. Akagonga.

"Ufa."

Nikasema moyoni, sawa, mmoja hukosi. Akapakata wa pili.

"Ufa."

Wa tatu ufa. Wa nne ufa. Mguu wake ulikuwa ukisukuma mitungi kando kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

"Wifi," dada akasema taratibu, "isije ikawa sauti ya kipupwe."

"Ya kipupwe naijua, wifi. Ile ni nzito. Hii inakwaruza, halafu inakatika." Akanitazama, jambo ambalo huwa halifanyi. "Muulize ndugu yako alipokuwa anachochea moto alikuwa anaota nini."

Sheria ni sheria. Nikachukua rungu, nikavunja wa kwanza. Nikaokota vigae, nikavigeuza. Ufa wa motoni una rangi yake. Moshi hupenya, kingo zikawa nyeusi kama zimepakwa wanja. Vigae hivi vilikuwa vyekundu kote, visafi, vimevunjika pale nilipopiga na si kwingine. Nikavunja wa pili. Visafi. Wa tatu, visafi. Hasira ikanipanda kutoka kwenye nyayo. Nikaliweka rungu chini.

"Sivunji tena."

"Unasemaje?" akaniuliza, akigeuza kichwa.

"Nasema sivunji! Mitungi hii ni mizima."

"Tangu lini mchomaji akahukumu?"

"Leo. Nakata rufaa."

"Kwa nani?"

Juu ya Hakimu hapakuwa na mahakama nyingine. Nikavuta turubai nikaifunika mitungi yote, iliyohukumiwa na isiyohukumiwa, nikaketi juu ya rundo la kuni nimekunja uso. Mtu mwingine angesema labda nimekosea, labda moto ulinizidi. Mimi sikusema. Nilijua nilichokiona kwenye vile vigae, na nilijua mikono yangu. Siku hiyo tulikula chakula bila maneno, na chakula kisicho na maneno hakishuki.

Kesho yake asubuhi tulikutana nguzoni kama kawaida, ingawa kila mtu kavimba upande wake. Safari hii hakugonga juu juu. Alitoa pamba, akajifunga kitambaa vizuri, akasogeza sikio la kulia karibu kabisa na mtungi wa Mama, akagonga. Akangoja. Akagonga tena. Mkono wenye kijiti ukashuka.

"Mama haitiki," akasema.

"Haitiki vipi?"

"Amepasuka." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za msiba. "Baridi imempasua Mama."

Dada akashika mdomo. Mimi na yeye tuliusikia ule mtungi ukilia kama ulivyolia siku zote. Lakini tulitazamana tu. Masikio yetu ni ya kusikia tunapoitwa kula, nani angeyaamini mbele ya Hakimu? Nikaufungua mtungi kwenye kamba, nikaushusha kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Nikautazama kotekote. Sikuona kitu. Nikachota majivu makavu ya tanuri, nikayatandaza sakafuni, nikauweka mtungi juu yake, nikaujaza maji mpaka shingoni. Majivu hayana upendeleo. Mtungi ukivuja hata chozi, yatasema.

Tukakaa kuuzunguka na vikombe vya chai. Chai ikapoa. Manyunyu yalianza kupiga bati, yakakoma. Tukauinua mtungi, na majivu chini yake yalikuwa makavu, meupe vilevile nilivyoyamwaga.

Dada akavuta pumzi. "Alhamdulillahi, Mama mzima." Nami nikafungua mdomo niseme nilichokuwa nimekiandaa tangu jana, kwamba na mitungi yangu ni mizima, kwamba tanuri langu limetukanwa bure. Nikamwona mke wangu. Alikuwa akiyatazama yale majivu, na vidole vyake vimeshika sikio.

Niliyoyaandaa nikayaacha. Nikasogea upande wake wa kulia, nikainama nyuma ya bega lake, nikasema kwa sauti ya chini jambo ambalo tangu nimuoe hajawahi kuniachia lipite.

"Chai ya dada ni tamu kuliko yako."

Hakugeuka. Hakupepesa. Dada alinitazama kama niliyepagawa, kisha akaelewa, na uso wake ukabadilika. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Mke wangu aliendelea kuyatazama majivu. Ndipo nikajua kwamba hakuna mtungi uliopasuka pale uani.

Nikamgusa bega, nikamfungua kitambaa sikio la kushoto. "Mke wangu, upande ule husikii kitu."

"Nasikia. Limeziba tu."

"Limeziba wiki nzima, nawe hujapiga hata chafya moja?"

"Ni kipupwe. Kila mwaka si ni hivihivi? Jua likitoka litazibuka."

"Mitungi si mibovu. Mama si mbovu. Sasa kibovu ni nini?"

Mwanamke yule ana kiburi, na mimi nilikipenda kiburi hicho kabla sijampenda yeye. Nilikiona kikipigana usoni mwake. Mwishowe akasema polepole, "Basi mwenye ufa ni mimi." Hakulia. Alikunja kitambaa chake mara nne, akakiweka mapajani. "Lakini hospitali siendi kwa ajili ya mafua."

"Sikio la kufa halisikii dawa," dada akamtania, huku machozi yanamtoka.

"Wifi, usinichurie mabaya."

Nikasimama. "Sikiliza, Hakimu. Umevunjisha mitungi yangu mitatu mizima. Umelitukana tanuri langu mbele ya dada yangu. Jana uliniuliza nakata rufaa kwa nani. Leo nimepata jibu. Vaa viatu."

Akaniangalia. Nadhani kama ningembembeleza angekataa. Akavaa viatu.

Daktari wa masikio alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na mikono mikavu isiyo na haraka. Chumba chake kilinukia spiriti. Kwenye benchi la nje watu wengi walikuwa wamejifunga skafu na pamba masikioni, kama mkutano wa watu wanaougua ugonjwa mmoja, na moyo wangu ukatulia kidogo. Nikajisemea, kumbe kweli ni majira.

Alimmulika mke wangu masikio kwa taa ndogo, la kushoto, la kulia, akarudia la kulia. "Sikio safi," akasema. "Hakuna nta, hakuna maji, hakuna usaha. Hakuna kilichoziba hapa, mama."

"Lakini limeziba."

"Unasikia kama limeziba." Akatoa kwenye droo chuma chenye meno mawili, kama uma wa mtu mwenye haraka ya kula. Akakigonga kwenye goti lake, kikalia. Hapo nikamwona Hakimu akiinuka kwenye kiti, kama fundi aliyekutana na fundi mwenzake.

"Hicho hakina ufa," akasema.

Daktari akacheka. "Hakina. Sasa nakuwekea kwenye kipaji cha uso, katikati. Niambie sauti inakwenda upande gani."

Akamwekea. Mke wangu akafumba macho. Mimi nilimjua anavyofumba macho anaposikiliza.

"Kushoto," akasema. "Yote inakwenda kushoto."

Daktari hakucheka tena. Akakigonga mara ya pili, akauliza vilevile, akajibiwa vilevile. Kisha akageukia kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimesimama kama niliyekuja kushtaki. "Sikio likiziba kwa mafua au nta, sauti hii hukimbilia upande ulioziba. Kwake imeukimbia. Maana yake tatizo liko ndani zaidi, kwenye mshipa wa kusikia. Lilianza ghafla?"

"Niliamka nalo," mke wangu akasema.

"Na mlingoja nini?"

Tukatazamana. "Jua," nikajibu.

Alitikisa kichwa, lakini si kwa dharau. Nikamuuliza lile lililokuwa likinikera: kwani si baridi ndiyo iliyoleta? Si watu wote wale pale nje ni wa kipupwe?

"Baba, swali hilo nami najiuliza kila mwaka," akasema. "Wapo wataalamu wanaosema uziwi wa ghafla unaongezeka majira yakibadilika, wapo wanaosema hauna majira kabisa. Wabishane. Mimi nakuambia ninachokiona kwenye huu mlango. Wakati wa jua kali, mtu akiamka hasikii sikio moja, anashtuka, anakimbia kuja. Wakati wa baridi anatia pamba anangoja. Wengine wanakuja maua yakishachanua, na mimi sina tena la kuwafanyia. Kama baridi inaleta ugonjwa huu, sijui. Kwamba inauficha, nina hakika."

Akampeleka kwenye chumba kidogo chenye kuta laini kama godoro, akamvika visikilizio kichwani, akampa kitufe cha kubonyeza kila atakaposikia mlio. Mimi nilitazama kupitia kioo. Kwa sikio la kushoto, kidole chake kilikuwa kinacheza kama cha mshona nguo. Daktari alipohamia la kulia, kidole kikatulia. Mke wangu alikaa wima, macho yamefumbwa, akisikiliza kwa nguvu zake zote, na kidole hakikusogea. Mtu aliyesikia nyufa ambazo hata moto haukujua umeziacha, amekaa pale anangoja mlio. Niligeuka nikatazama ukuta mpaka walipomaliza.

"Mmewahi, ingawa si sana," daktari akasema. Akaandika vidonge, vingi mwanzoni, kisha vya kupungua polepole, akatuonya tusitie tena mafuta wala kitu kingine. "Wengine husikia tena, wengine nusu, wengine la. Mngengoja kipupwe kiishe, nisingekuwa hata na haya ya kusema. Nani aliyekuleta, mama?"

"Huyu hapa," Hakimu akasema. "Kwa kiburi chake. Alikataa kukubali kwamba amechoma vibaya."

"Basi kiburi hicho kitunze," daktari akasema, na mimi nikatoka chumbani mle nimepanua mabega hata mlango ukawa mwembamba.

Zile dawa zilimpa njaa na hasira. Njaa ilikuwa mpya. Daktari alituita tena, akapima, akasema tungoje. Na mitungi ikangoja nayo, chini ya turubai.

Mkuu wa shule akaja kuulizia mzigo wake. Nikamweleza. Mtu mwungwana, akampa Hakimu pole nyingi, kisha akaniambia, "Bwana mchomaji, wewe si unaiamini kazi yako? Chora huo mstari mwenyewe, tuondoke na mitungi. Wanafunzi hawajui mkaa wa nani."

"Mimi najua," nikamjibu.

Mgongaji wa kiwanda cha jirani naye akajitolea, na sikio lake si baya. Dada akanitupia jicho, maana mitungi ilikuwa imejaza ua mpaka hana pa kuanikia udongo. Nikasema hapana. Hakimu aliyeihukumu ndiye atakayeiachia huru. Asipoweza, mitungi hiyo itakaa hapo mpaka iote majani, na atakayeuliza nitamwambia inamngoja mke wangu. Dada akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ni kichwa maji," kisha akahamishia udongo wake sebuleni kwake.

Kila asubuhi, akishajifunga kitambaa sikio la kushoto, mimi nilipita upande wake wa kulia, nikasema taratibu, "Chai ya dada ni tamu kuliko yako." Kila asubuhi aliendelea kumimina chai yake. Nilikuwa najifanya natafuta sukari. Yeye naye hakusema lolote kuhusu sikio, na aliyemuuliza alijibiwa kwa mkato. Mama aliamkiwa kila siku. Hakimu aligonga, akangoja, akaondoka, na usoni mwake hapakusomeka kitu.

Kipupwe kilipoanza kulegea, likatokeza jua dogo la kwanza, la kuazima. Asubuhi hiyo aligonga mtungi wa Mama mara moja tu. Akachukua donge la pamba, akalisokomeza sikio la kushoto, akafunga kitambaa juu yake, akakaza fundo.

"Ondoa turubai," akaniambia.

"Daktari alisema usijichoshe."

"Ondoa turubai, bwana."

Nikaondoa. Dada akaja mikono imejaa udongo, akasimama. Hakimu akapakata mtungi wa kwanza, akauinamia kwa sikio la kulia, akagonga. Akafumba macho. Akageuza kijiti, akachukua mkaa, akachora mstari.

Akapakata wa pili, akachora. Wa tatu, akachora. Kazi ilikuwa ya polepole kuliko zamani, na mwingine aliugonga mara tatu, nne, akiusogeza huku na huku kutafuta pale sikio linapouona vizuri. Lakini mstari ulikuja. Mitungi aliyoisukuma kwa mguu akaisogeza kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikiihamisha upande wa pili, na kila mstari ulinipa inchi moja ya urefu. Tanuri langu! Niliwaambia nini? Nilianza hata kutunga maneno nitakayowaambia wachomaji wenzangu.

Lakini nikiyatunga, wasiwasi mmoja ukaniingia kisirisiri. Mitungi yote imepita. Yote. Kama ameamua tu kuichora kwa kunionea huruma? Kama hasikii kitu, na mstari ule ni zawadi? Nikamtazama shingo ile iliyoinama, na fahari yote ikaniyeyuka. Nilimtaka Hakimu wangu, sikutaka huruma.

Ilikuwa imebaki michache. Akapakata mmoja niliouweka katikati kabisa ya tanuri, pale moto unapokuwa sawasawa pande zote. Mtungi niliouonea fahari kuliko wote. Akagonga. Akatulia. Akauzungusha, akagonga chini kidogo ya tumbo. Akauweka chini, na kwa mguu, bila kuniangalia, akausukuma kando.

"Ufa."

"Haiwezekani!" Nilisema kabla sijafikiri. "Huo? Huo ndio mzima kuliko yote!"

"Ufa," akarudia. "Upande wa chini, karibu na kitako."

Dada akaugonga kwa kidole, akainua mabega. Mimi nikaugonga. Ulilia vizuri tu. Nikachota majivu, nikayatandaza, nikauweka, nikaujaza maji. Hakuna aliyekumbuka chai. Nilipiga magoti nikainamisha uso karibu na sakafu kama mtu anayetafuta sindano. Majivu yalikuwa meupe. Yakabaki meupe. Kisha, karibu na kitako, pakaota doa dogo la kijivu, kama jicho la kuku. Likakua.

"Umepasuka," nikasema. Nikainuka. "Umepasuka! Dada, umepasuka! Mtungi wangu una ufa!"

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Kuna nini huko? Nani kajifungua?"

"Mtungi wangu mbovu!" nikampigia kelele. "Mbovu kabisa! Nimeuchoma vibaya mimi mwenyewe!"

Akanitazama, akamtazama dada, akashuka. Nikalichukua rungu, lile lile nililolichukia maisha yangu yote, nikaupiga ule mtungi pigo moja. Maji yakatapakaa. Nikaokota kigae cha chini, nikakigeuza kwenye jua. Kwenye ukingo palikuwa na uzi mweusi wa moshi, mfupi, mwembamba kama unywele. Nikaenda kumwonyesha mke wangu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuona sababu ya kuyafuta.

Alikitazama kigae, akakipokea, akakiweka juu ya vingine. Baadaye alitueleza kwamba sikio halijarudi lote, yule inzi bado yuko chupani ingawa amechoka, na sauti nyembamba bado zinampita. Lakini wakati ule hakueleza kitu. Aliinama akapakata mtungi uliofuata, akagonga, akachora mstari, kisha akaniita kwa kidole nisogee upande wake wa kulia.

"Na ile chai ya dada yako," akasema, "nimeisikia tangu juzi. Nilikuwa nakungoja uirudie mbele ya watu."